Maji ya Kiwanda cha Kahawa, na Mtu Anayeshuka Shimoni

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Chaka)



Hapa Chaka, upande wa Kieni, mlima tunauona lakini mvua ni haba. Hatuhitaji kufundishwa thamani ya maji. Hata hivyo, msimu wa mavuno wengi wetu huenda Mathira na Tetu kufanya kazi katika viwanda vya kahawa, na huko maji mengi hupita mikononi mwetu.

Maji yaliyokoboa kahawa yana sukari ya matunda. Yakimwagwa mtoni, vijidudu huila sukari hiyo na kuimaliza hewa iliyomo majini. Samaki hufa, mto hunuka. Mito ya huko huishia Tana, na watu wa mbali hunywa. Ndiyo maana kanuni za Serikali zakataza kumwaga maji machafu ya kiwanda bila leseni.

Dawa ipo. Maji ya kukobolea huchujwa maganda, hurudishwa kwa pampu, na hukoboa tena siku ile ile. Maji safi huwekwa kwa kuoshea mara ya mwisho, maana machafu huiharibu ladha ya kahawa. Jioni maji yaliyochoka hupelekwa mashimoni, mbali na mto.

Jambo hili tunaliunga mkono. Lakini shimo na tangi husafishwa na nani? Ni sisi. Takataka zikioza mahali palipofunikwa hutoa hewa ya sumu, na nyingine haina harufu. Mtu hushuka, huanguka. Mwenzake hushuka kumwokoa, naye huanguka.

Sheria ya usalama kazini ya mwaka 2007 yataka mahali pa namna hiyo pahakikishwe kuwa salama kwanza. Kama sivyo, anayeingia awe na kifaa cha kupumulia na mshipi wenye kamba, na mwenzake aishike kamba akiwa nje. Tena mfanya kazi aliyeripoti hatari kubwa haamriwi kurudi hapo mpaka itengenezwe.

Basi tusiogope kusema. Tumwendee msimamizi pamoja, kwa adabu, kabla mavuno hayajaanza: kamba iko wapi? Nani amepima hewa? Asipojibu, asishuke mtu, na habari iletwe chamani siku hiyo hiyo.

Mto upone, na sisi turudi nyumbani wazima.

Umoja ni nguvu.