Aldabra: Kisiwa Kilichoponea Chupuchupu



Mtu akiikunjua ramani ya Bahari ya Hindi, akapiga mstari ulionyooka kuelekea mashariki kutoka pwani iliyo kati ya Kilwa na Lindi, mstari huo ukishaiacha miamba ya pwani hautagusa nchi kavu tena mpaka utimize zaidi ya kilomita 700. Hapo ndipo utakapoikuta Aldabra. Ni sehemu ya Jamhuri ya Shelisheli, ingawa iko karibu zaidi na pwani ya Tanzania kuliko Mahé, kisiwa chenye mji mkuu wa nchi hiyo, kilicho umbali wa kilomita zipatazo 1,100.

Aldabra ni pete ya matumbawe. Visiwa vyake vinne vikubwa, Grande Terre, Malabar, Picard na Polymnie, vimeizunguka bahari ndogo ya ndani, ambayo hujaa na kupwa kupitia milango michache kwa mkondo wenye nguvu za kutisha. Nchi kavu yake yote ni kilomita za mraba 155 hivi, na sehemu kubwa ni mwamba uliochongoka kama meno ya msumeno. Maji matamu ni haba. Hakuna kijiji, hakuna shamba wala soko. Wakazi wake ni kikosi kidogo cha walinzi na watafiti, kobe wakubwa takriban 100,000, na ndege wa baharini kwa maelfu na maelfu.

Miongoni mwa ndege hao yuko mmoja ambaye historia yake inawahusu hasa wanajeshi. Huyo ni frigata. Ni ndege mweusi, mwenye mkia uliogawanyika kama panda, na mabawa ambayo kwa aina iliyo kubwa yakitandazwa hupita mita 2 kutoka ncha hadi ncha. Dume anapotafuta mwenzi huvimbisha mfuko mwekundu ulio chini ya koo lake kama puto. Ajabu yake ni kwamba anaishi kwa riziki ya bahari, lakini hawezi kutua baharini, kwa sababu manyoya yake hulowa. Basi hudaka samaki hali akiruka, au huwaandama ndege wengine, hasa wale wenye miguu myekundu wanaojenga viota pamoja naye katika mikoko, mpaka wateme walichokwisha kumeza, naye hukinyakua kabla hakijagusa maji. Watafiti waliowafunga ndege hao vyombo vidogo vya kupimia katika kisiwa cha Europa, kilicho katika Mlango wa Msumbiji, walitangaza mwaka 2016 kwamba frigata aweza kukaa angani hadi miezi miwili bila kutua.

Lakini ndege huyu hodari angani ni dhaifu kiotani. Jike hutaga yai moja tu, na kumlea kinda mpaka ajitegemee huchukua zaidi ya mwaka. Kwa hiyo kundi likivurugwa kwa msimu mmoja, hasara yake hailipwi upesi. Na mikoko ya Aldabra ni mojawapo ya makao makubwa kabisa ya frigata duniani.

Tarehe 8 Novemba 1965 serikali ya Uingereza ilivitenga visiwa vya Chagos kutoka Morisi, na visiwa vya Aldabra, Farquhar na Desroches kutoka Shelisheli, ikaviunganisha kuwa koloni jipya katika Bahari ya Hindi. Wakati huo nchi za Afrika zilikuwa zikijipatia uhuru moja baada ya nyingine. Mkoloni aliyekuwa akifungasha virago barani alikuwa akitafuta mahali pengine pa kutulizia ndege zake za kivita, mahali pasipo na raia wa kumhoji. Macho yake yakaangukia Aldabra. Mpango ulikuwa kujenga humo bandari, barabara na njia ndefu ya kurukia ndege.

Wanasayansi wa Uingereza na Marekani walipopata habari hiyo walipinga kwa sauti kubwa. Chama cha Kifalme cha Sayansi cha London kilituma msafara wa uchunguzi mwaka 1967. Katika Bunge la Uingereza, Tam Dalyell, mbunge wa chama kilichokuwa madarakani, aliibana serikali yake mwenyewe kwa maswali mengi. Pamoja na hoja za kuwahurumia wanyama, ilitolewa hoja ambayo kila rubani angeielewa mara moja. Maelfu ya ndege wakubwa, wanaopanda juu sana kwa kufuata hewa ya moto, wangekuwa wakizunguka jirani na njia ya ndege za kijeshi. Ama marubani wangehatarishwa, ama ndege wale wangeangamizwa.

Mnamo Novemba 1967 mpango huo ulifutwa. Yafaa kusema ukweli hapa, kwa maana ukweli huo ndio wenye fundisho. Kelele za wanasayansi zilisaidia, lakini kilichokata shauri ni fedha. Mwezi huohuo serikali ya Uingereza ilikuwa imelazimika kuishusha thamani sarafu yake, na ilikuwa ikitafuta kila mahali pa kupunguza matumizi. Aldabra iliponea chupuchupu.

Jirani zake hawakuwa na bahati hiyo. Kituo cha kijeshi kilijengwa Diego Garcia, katika Chagos, kwa ajili ya Marekani. Visiwa vile vilikuwa na wenyeji, watu waliozaliwa humo na kuwazika wazee wao humo. Kati ya mwaka 1968 na 1973 waliondolewa wote, zaidi ya watu 1,000, wakaachwa Morisi na Shelisheli wakiwa hawana kitu. Kobe na ndege wa Aldabra walipata watetezi waliosikika London; binadamu wa Chagos hawakupata watetezi wa namna hiyo mpaka walipokwisha kufukuzwa. Mwezi Februari 1919 umepita zamani, enzi za kugawana visiwa kama sahani za karamu. Lakini ilipofika Februari 2019, karne nzima baadaye, ndipo Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipotoa maoni kwamba utengaji wa visiwa vile haukuwa halali. Anayeitetea hifadhi ya Aldabra leo hana budi kuikumbuka pia habari hiyo, asije akadhani kwamba kumlinda ndege na kumlinda mtu ni kazi mbili zinazopingana.

Kisiwa cha Assumption nacho, kilicho karibu sana na Aldabra, kina msiba wake. Katika karne ya 20 wachimbaji walikikwangua ili kupata samadi ya ndege iliyorundikana kwa karne nyingi, ikauzwa kuwa mbolea. Ndege wengi walitoweka pamoja na vichaka vyao. Aina moja ya ndege wa baharini waliokuwa wakizaa hapo sasa huzaa katika kisiwa kimoja tu duniani, Kisiwa cha Krismasi, upande wa pili wa bahari hii. Mwezi Januari 2018 Shelisheli na India zilitia saini makubaliano ya kujenga kituo cha ulinzi hapo Assumption, lakini Bunge la Shelisheli halikuyaidhinisha. Safari hii walioulizwa walikuwa wenye nchi, na neno lao ndilo lililosimama.

Aldabra ilirudishwa kwa Shelisheli mwezi Juni 1976, nchi hiyo ilipopata uhuru. Mwaka 1979 serikali iliunda Shirika la Visiwa vya Shelisheli lilinde mahali hapo, na mwaka 1982 UNESCO ikaiandikisha Aldabra katika orodha ya urithi wa dunia. Gharama za ulinzi huo zimetoka kwa sehemu kubwa katika viingilio vya wageni wanaokwenda kuutazama msitu wa minazi ya ajabu wa Vallée de Mai, katika kisiwa cha Praslin. Nchi ndogo imejitafutia yenyewe njia ya kulipa askari wake wa wanyama.

Matunda ya kazi hiyo yanahesabika. Kuwinda kasa kulipopigwa marufuku Aldabra mwaka 1968, viota vyao vilikadiriwa kuwa 2,000 hadi 3,000 kwa mwaka. Utafiti uliotangazwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba vimepita 15,000. Mbuzi walioachwa na mabaharia, ambao walikuwa wakimaliza majani na vivuli ambavyo kobe hujifichia jua kali, waliwindwa kwa miaka mingi mpaka wa mwisho wakaondolewa mwaka 2012. Yuko pia ndege mdogo mwenye koo jeupe, wa jamaa ya kukuziwa, ambaye kwa kukosa adui amesahau kuruka. Paka walikuwa wamemmaliza kabisa kisiwani Picard. Mwaka 1999 ndege wachache walichukuliwa kutoka Malabar wakarudishwa Picard, na leo wamejaa humo tena.

Hata hivyo, adui wa sasa haji na manowari. Huja na mawimbi. Mwaka 2019 vijana wa Shelisheli pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Oxford walifanya kazi ya wiki kadhaa chini ya jua, wakaondoa tani 25 za takataka katika fukwe za Aldabra: nyavu, kamba, maboya, chupa na kandambili. Watafiti walikadiria kwamba zilizobaki ni tani 500 hivi, na kwa uzito, zaidi ya theluthi mbili zilitokana na uvuvi wa meli. Kisiwa kisicho na duka hata moja kimefunikwa na uchafu wa maduka ya nchi za mbali.

Wapo wanaosema kwamba kisiwa kikiwa mbali na watu kitajilinda chenyewe. Historia inawakanusha. Umbali ndio uliomvutia mkoloni Aldabra, na umbali ndio uliowaficha wachimbaji wa Assumption. Wala ukaribu peke yake si kinga. Mwaka 1919 kobe wanne wa Aldabra waliletwa Zanzibar kama zawadi kutoka Shelisheli, wakawekwa Kisiwa cha Changuu, mkabala wa mji wa Unguja. Walizaana hata kufikia 200 hivi mwaka 1955. Kisha wezi wakawaingilia, wakiwauza kwa kitoweo na kwa wafugaji wa ng'ambo, na ilipofika mwaka 1996 walihesabiwa saba tu. Yaliletwa makinda 80 kuongeza idadi, na nusu yake yakapotea. Ndipo ulipojengwa uzio na kuwekwa ulinzi, na kobe wa Changuu wakaanza kuongezeka tena.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kule Aldabra walinzi hutembea juu ya mwamba ule mkali, msimu baada ya msimu, wakihesabu nyayo za kasa mchangani, viota katika mikoko na kobe vichakani. Meli ya mahitaji haifiki kila siku, na hakuna anayewapigia makofi. Askari aliyewahi kupangwa katika kituo cha mpakani, mwenye redio ya upepo na mwenzake wa zamu, anaijua kazi hiyo bila kuelezwa. Anajua kwamba siku isiyokuwa na tukio ndiyo siku ya ushindi, na kwamba daftari la zamu lililoandikwa kwa uaminifu ni silaha.

Serikali ya Shelisheli ilitangaza mwezi Machi 2020 kwamba asilimia 30 ya bahari yake imewekwa chini ya hifadhi. Bahari hiyo inapakana na bahari ya Tanzania, na frigata aliyeanguliwa Aldabra hana habari na mpaka huo. Anayekagua jahazi au meli ya uvuvi upande huu, akakamata nyavu haramu, mayai ya kasa au kobe wa magendo, anafanya zamu moja na mlinzi wa kule ambaye hatamwona kamwe.