TAHADHARI YA JOTO KWA WATAZAMAJI VIWANJANI
(Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi)



Msimu wa kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, ndio wenye joto kali zaidi Unguja na Pemba. Ndani ya msimu huo, mwezi wa Januari, huchezwa Kombe la Mapinduzi, na watu hujaa viwanjani.

Mwili hujipoza kwa jasho, lakini jasho haliburudishi mpaka likauke juu ya ngozi. Hewa ya visiwani, kwa kuwa ina unyevu mwingi wa bahari, hulichelewesha kukauka. Aidha, ngazi za zege hufyonza joto la jua mchana kutwa na kulitoa jioni. Hivyo, aliyeketi juani tangu saa 8 mchana akingojea mechi ya saa 10 huwa amekwisha dhoofika kabla ya filimbi kupulizwa.

Katika Kombe la Dunia la 2014, mjini Fortaleza, Brazil, mchezo baina ya Uholanzi na Mexico ulisimamishwa ili wachezaji wanywe maji. Mashindano ya Qatar ya 2022 yalihamishiwa Novemba na Disemba kwa kuhofia joto. Mchezaji ana daktari wake pembeni; mtazamaji aghalabu hana.

Kwa hiyo, yafaa watayarishaji wapange mechi kubwa usiku penye taa, waweke maji safi ya kunywa, na wawatengee wazee, wajawazito na watoto upande wenye kivuli. Watazamaji nao wavae nguo nyepesi, wafunike vichwa kwa kofia au kanga, na wanywe maji bila ya kusubiri kiu. Ramadhani inapoangukia kaskazi, kama Machi 2025, aliyefunga asikae juani. Mechi ya baada ya futari ndiyo imfaayo.

Mtu akishikwa na kizunguzungu, maumivu ya kichwa au kutapika, apelekwe kivulini, alegezwe nguo, amwagiwe maji na apepewe. Akianza kuweweseka au akizimia, hiyo ni hatari ya maisha: asinyweshwe kitu, bali aendelee kupozwa huku akikimbizwa hospitali.

Mchezo ni furaha. Aliyekwenda uwanjani kwa miguu yake na arejee nyumbani kwa miguu yake. Tahadhari kabla ya hatari.