Bustani ya Shule ni Darasa

Wazazi wa Bunia! Mtoto amerudi na udongo kwenye kucha. Unakasirika: nilimtuma kusoma, si kulima! Ngoja kwanza. Mpe maji na sabuni, kama tulivyozoea tangu Ebola ya 2018. Kisha usikilize. Bustani ya shule ni darasa.

Akipima tuta kwa hatua zake, hiyo ni hesabu. Akihesabu siku hadi lengalenga iote, hiyo ni sayansi. Akipokezana jembe na mwenzake ambaye kwao huongea Kilendu, Kihema au Kialur, anajifunza kuishi na jirani. Na sisi wa jimbo hili la Ituri tunajua kukosa hilo kunagharimu nini.

Lakini tusichanganye. Bustani ya shule ni darasa. Shamba la mwalimu si darasa. Hapo mtoto anafanyishwa kazi tu.

Basi, jioni muulize: leo mlipanda nini? Mlipima nini? Akikosa jibu kila mara, nenda kwenye kamati ya wazazi. Uliza kwa heshima. Uliza pia mavuno yanakwenda wapi. Na siku ya salongo, yaani kazi ya pamoja, shuleni, njoo na jembe lako.