Umbali Kwanza: Kupima Milima Tukiwa Kaloleni



Ukitoka hapa Kaloleni ukaelekeza uso kusini, mlima wa Sagalla uko mbele yako. Nataka tujiulize umepanda mita ngapi juu ya mji huu wa Voi, na tutajuaje bila kuukwea.

Mwanafunzi wa kidato cha pili ana jibu mdomoni. Pima pembe ya mwinuko, tafuta tanjenti yake, zidisha kwa umbali. Sawa kabisa. Ila vitabu vyetu vina tabia moja inayoniudhi: umbali vinakugawia bure. Mti uko mita 40 kutoka alipo Juma, basi. Nani alipima hizo 40? Kwa mti au mnara wa simu si neno, utavuta tepu mpaka shinani. Kwa mlima, mahali palipo wima chini ya kilele pamo ndani ya mwamba, na tepu haifiki huko. Ndiyo maana nashikilia kwamba anayetaka urefu wa mlima ana kazi ya kutafuta umbali kwanza, na hiyo ndiyo kazi ngumu. Tanjenti inakuja mwishoni, nayo haichukui dakika.

Darasani tunafundisha njia ya kupima mara mbili. Unapima pembe ulipo, unasogea kuelekea mlimani hatua unazozijua, unapima tena. Kisha unagawanya ule mwendo kwa tofauti ya kotanjenti za pembe mbili. Hesabu ni nzuri mno, na inadanganya. Tuseme umesogea mita 500, pembe ya kwanza ikawa digrii 6.4 na ya pili 6.8. Mlima unatoka mita 945. Sasa tuseme mkono ulitetemeka kidogo, ukasoma 6.9 badala ya 6.8. Mlima uleule unashuka hadi mita 767! Sehemu moja ya kumi ya digrii imemeza karibu mita 180. Na kifaa cha shule, yaani protrakta, mrija wa soda na uzi wenye nati inayoning'inia kama timazi ya fundi, hakisomi sehemu ya kumi ya digrii. Kikipata nusu digrii tumshukuru Mungu.

Wapima ardhi hawasogei mbele, wanasogea kando. Wanapima mstari ardhini, mrefu na kwa uangalifu mkubwa, na kila mwisho wake wanasoma pembe iliyo kati ya mstari huo na kilele. Upande mmoja na pembe mbili vinatosha kuifunga pembetatu, na kanuni ya saini inatoa umbali. Chukua mstari wa kilomita 3 na mlima ulio kilomita 8 mbele: kosa lilelile la sehemu ya kumi ya digrii litapotosha umbali huo kwa mita 40 hivi tu. Kila upande uliopatikana unakuwa msingi wa pembetatu nyingine, na kilele hiki kinatazamana na kile. Bikoni za saruji mnazozikuta juu ya vilele, ambazo watoto hukalia wakila miwa, ndizo ncha za pembetatu hizo.

Hapa Voi vilima vya Dawida vinatuziba upande wa magharibi, kwa hiyo kwa mfano unaofuata, wa kupima Kilimanjaro kwa mbali, twende juu ya Vuria, mita 2,208, kilele kirefu kuliko vyote katika kaunti yetu. Asubuhi yenye anga safi, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inaonekana, kama kilomita 110 kutoka hapo. Hata ukiwa na theodolaiti bora, kile kifaa cha wapima ardhi cha kusomea pembe, utasoma pembe ya digrii 1.49 hivi. Zidisha, ongeza urefu wa Vuria, na Kilimanjaro inakuwa na mita 5,070. Zaidi ya mita 800 zimepotea, wala hakuna aliyekosea kusoma. Dunia ni mviringo: kwa umbali huo ardhi imejikunja mita 950 chini ya mstari ulionyooka, ingawa hewa inaupinda mwanga na kurudisha kama mita 120 za hizo. Al-Biruni, katika karne ya 11, aligeuza usumbufu huu ukawa faida. Juu ya mlima karibu na Nandana, ambayo leo iko Pakistan, alipima jinsi upeo wa macho ulivyozama chini ya mlalo, akakokotoa ukubwa wa dunia nzima.

Msishangae basi kwamba namba ya Kilimanjaro imekuwa ikihama. Ramani za Kijerumani ziliandika mita 6,010. Waingereza walipopima mwaka 1952 wakapata 5,895, na ndiyo tunayokaririsha watoto hadi leo. Mwaka 2008 wataalamu walipeleka vipokezi vya setelaiti kileleni wakatoka na 5,891 hivi. Setelaiti hazikuwapimia pembe hata moja. Ziliwapa umbali tu, mwingi, kutoka angani. Kisha ikabidi wakokotoe kwa kupima mvutano wa ardhi usawa wa bahari ungekuwa wapi chini ya mlima ulio mbali na pwani, na hapo ndipo penye ubishi wa zile mita chache.