Somo la Redio: Orodha ya Vitabu vya Darasa

Leo tutazungumza juu ya orodha ya vitabu, ambayo wakutubi huiita katalogi.

Tuseme migomba yako imeanza kunyauka. Ugonjwa wa mnyauko ulithibitishwa mkoani Kagera mwaka 2006, nao umewanyang'anya wengi chakula chao. Katika sanduku la vitabu la darasa kimo kijitabu kinachoeleza la kufanya: kata mgomba mgonjwa, kisha pitisha panga motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine. Lakini vijitabu ni mia moja, vyote vimechanganyika. Utakapokipata, shamba limekwisha. Je, kijitabu kilikuwapo? Kilikuwapo. Kilisaidia? La.

Basi, wakutubi hufanyaje? Mwaka 1876 Mmarekani Melvil Dewey aligawanya elimu yote katika mafungu kumi yenye namba. Katika mpango huo, 600 ni elimu ya kazi na ufundi, 630 ni kilimo, 634 ni matunda, na 634.772 ni ndizi. Ukiijua namba hiyo, utakipata kitabu cha ndizi katika maktaba yo yote inayofuata mpango huo, hapa nchini au ng'ambo.

Lakini mpango huo ulitazama dunia kutoka Marekani. Kiingereza kina 420 peke yake. Lugha za Afrika, Kiswahili na Kinyambo zikiwamo, zimebanwa pamoja katika 496. Kikorea nacho kimebanwa katika 495 pamoja na lugha nyingine za Asia. Huko Korea mkutubi Park Bong-seok alitunga mpango wa namba uliofaa vitabu vya nchi yake, ukatolewa mwaka 1947. Vita vilipozuka mwaka 1950, yeye mwenyewe alitoweka. Kazi yake ilibaki mikononi mwa wenzake, kwa sababu aliiandika.

Kwetu nako kazi hii ilifanywa. Sheria ya mwaka 1963 iliunda Huduma za Maktaba Tanganyika, na mwaka 1967 maktaba kuu ikafunguliwa Dar es Salaam. Kuanzia mwaka 1969 ikatolewa orodha ya vitabu vilivyochapishwa nchini. Katika miaka ya 1970 huduma hiyo iliongozwa na Mtanzania, Ezekiel Kaungamno.

Sasa ni zamu yenu. Chukueni daftari moja. Kwa kila kitabu andikeni mambo manne: namba mliyokipa, jina la mtungaji, jina la kitabu, na habari iliyomo. Kwa habari, tumieni neno atakalolitafuta jirani. Wengine watatafuta "Migomba", wengine "Mnyauko". Basi andikeni pia: "Mnyauko: tazama Migomba". Msiandike neno mlijualo ninyi peke yenu.

Maswali ya darasa:
1. Kwa nini kitabu kilichomo sandukuni kinaweza kukosa faida?
2. Namba 634.772 ni ya nini?
3. Neno "tazama" linamsaidiaje msomaji?

Kabla ya somo lijalo, andikeni vitabu kumi vya kwanza. Kisha mwiteni mtu asiyekuwapo darasani, mpeni daftari, atafute kitabu kimoja. Akikipata bila kuwauliza, kazi yenu ni njema.

Kwa herini.