Presha Haisubiri Gari la Lodwar

 Msikilizaji wetu wa Lokichoggio, hapa Lopiding, tangu 1987 hadi 2006, Msalaba Mwekundu wa Kimataifa uliendesha hospitali kubwa ya majeruhi wa vita vya Sudan. Jeraha la risasi huonekana, nalo lilitafutiwa ndege na madaktari. Presha haitoki damu wala haina kilio, basi mwenye nayo husahaulika mpaka kiharusi kimwangushe.

Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulionyesha kuwa karibu mtu mzima 1 kati ya 4 nchini Kenya alikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima wote hawakuwa wamewahi kupimwa presha. Mkazi wa Nairobi akikosa dawa, huvuka barabara tu hadi duka la dawa. Wewe ukizikosa zahanati, Lodwar iko kilomita 200 hivi. Hiyo si haki, na tusiseme mgonjwa ni mzembe.

Ukipimwa 140 kwa 90 au zaidi, na ikawa hivyo tena siku nyingine, anza matibabu. Usiache dawa kwa kuwa kichwa hakiumi. Mama, mzee, kabla ya kuhama na mifugo, mwombe mhudumu akupe dawa za miezi kadhaa. Kadi yako ifunge kwenye nailoni, usafiri nayo.