Warumi na Saruji ya Athi River

Kila siku malori yaliyosheheni saruji hupita hapa Kitengela, na ni wachache wetu wanaofikiri kwamba shehena hiyo ina nasaba na Warumi wa kale.

Warumi walichimba majivu ya volkano karibu na mji wa Pozzuoli, katika nchi ya Italia. Majivu hayo peke yake hayashiki. Lakini yakichanganywa na chokaa na maji huwa magumu kama jiwe, hata ndani ya bahari. Kwa zege la namna hiyo, pasipo chuma, waliezeka hekalu la Pantheon mjini Roma kwenye mwaka 126 hivi. Kuba lake lina upana wa meta 43, na lingali limesimama. Sehemu za chini walitia mawe mazito, na za juu mawe mepesi yenye vitundu. Hiyo ndiyo akili!

Dola yao ilipoanguka, ujuzi huo ulififia. Mwaka 1824 Mwingereza Joseph Aspdin aliandikisha saruji iitwayo Portland. Leo viwanda vya Athi River hutumia mawe ya chokaa ya Kajiado, na saruji nyingi ya madukani huchanganywa na majivu ya volkano, ambayo huitwa pozolana kwa ajili ya mji ule wa Pozzuoli.

Basi, angalieni. Saruji hiyo hupata nguvu polepole. Fundi aachaye zege likauke juani siku ya pili humwibia mwenye nyumba. Lifunikeni kwa magunia, mlimwagilie maji siku kumi au zaidi, wala msiondoe mapema miti inayoegemeza ghorofa.